TAHADHARI kwa wanaotafuta kazi Mbeya: hawa wa "tunaandika CV na kukuunganishia ajira"

Wakuu habari zenu, hasa nyie mnaomaliza vyuo hapa Mbeya. Kuna ofisi iko ghorofani maeneo ya Mwanjelwa, jina silitaji hapa maana shauri lishafika polisi, wanajiita wataalam wa CV na mawakala wa ajira. Wamenila laki mbili na sabini. Na hela sio kinachoniuma zaidi, someni mpaka kwenye akaunti.

Nilienda mwezi wa pili, nina diploma ya uhasibu na nimekaa mtaani mwaka na nusu, nikaambiwa CV yangu ya kizamani ndo maana siitwi popote. Kuiandika upya elfu 40. Nikaona sawa, mtu akifanya kazi alipwe. Baada ya wiki ikaja "usajili kwa waajiri" elfu 80, alafu "vipimo vya afya" laki na nusu kwamba kuna kampuni ya uchimbaji Chunya inataka watunza stoo na jina langu lishapita, ila nilipe leo kabla ya saa kumi la sivyo nafasi anapewa mwingine. Kila nikituma, jina linalotokea kwenye simu kabla sijaweka namba ya siri ni la mtu binafsi, sio la ofisi. Nililiona kabisa na bado nikatuma, shida ya kazi inaziba macho jamani.

CV yenyewe ilikuja imependeza, rangi ya bluu pembeni, picha, na vile vimistari vya kuonyesha Kiingereza asilimia 90. Usiku natulia naisoma nakuta eti nimesimamia ghala Mwanza miaka mitatu. Mwanza sijawahi kukanyaga! Na mdhamini wa tatu ni mtu nisiyemjua kabisa. Nimerudi kuuliza naambiwa ndo kuipa CV nguvu. Sasa siku ya usaili ukiulizwa ile stoo ya Mwanza mlikua mnatunza vipi leja utajibu nini, na aliyeandika hayupo, jina ni lako na saini ni yako.

Haya, akaunti. Walichukua namba yangu ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) wakanifungulia akaunti Ajira Portal, ule mfumo wa serikali wa kuombea kazi mtandaoni, kwa imeili yao na pasiwedi yao, wakasema wao ndo watakua wananiombea. Mwezi wa tano binamu yangu wa Makambako ananipigia, hongera dada nimeona jina lako kwenye PDF ya walioitwa kwenye usaili. Naangalia tarehe, usaili ulishafanyika siku mbili nyuma. Taarifa zote zilienda kwenye imeili yao na hakuna aliyenipigia. Nikataka kufungua akaunti yangu mwenyewe mfumo unakataa, NIDA imeshatumika. Nimehangaika na simu za Sekretarieti ya Ajira wiki nzima ndo nikabadilishiwa imeili. Nililia, nasema ukweli.

Kuomba kazi Ajira Portal ni bure, hakuna pa kulipia. Na kule taarifa zako unajaza mwenyewe kipengele kwa kipengele, kwaiyo hiyo bluu haikusaidii chochote, wanaoachwa wengi ni barua haijasainiwa au mtu kaweka hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe. Wakala wa ajira wa kweli yupo, ila sheria ya 1999 inamtaka awe na leseni, na kanuni zake za 2014 zimekataza kumtoza mtafuta kazi, anayemlipa ni mwajiri. Kwaiyo ukiambiwa hela ya usajili, ya fomu, ya vipimo, ondoka hapo hapo, ata kama ofisi ina kiyoyozi na bendera mezani.

Sisemi usimlipe mtu akuandikie CV. Kuna kaka ana steshenari Soweto kanirekebishia kwa elfu 5, kanikalisha pembeni yake ananiuliza, ulifanya field wapi, ulikua unafanya nini asubuhi ukifika, nani alikusimamia. Zikatoka kurasa mbili, kila mstari naweza kuuelezea. Nikaondoka na faili langu kwenye flashi na hakuniuliza NIDA wala pasiwedi.

Walioacha vyeti halisi pale ghorofani nendeni mkachukue mapema, na usiende peke yako, mimi nilienda na mjomba ndo wakatoa changu, kilikua kwenye rundo la vya watu wengi tu. Meseji zao za kuomba hela tumeni 15040, ile namba ya kuripoti meseji za utapeli.

Na nyie wa Iringa, wameanza kupigia watu wakisema wana tawi Mafinga linaajiri kwenye viwanda vya mbao, namba ya kutumia hela ni ileile. Kama wameshakupigia au umelipa njoo inbox, tunakusanya majina ya kupeleka polisi, mpaka jana tumefika saba.