Maabara ya kupima vinyama vya mwili: daktari nyota 5, mapokezi sifuri

Jina la maabara siweki maana mapokezi wamenikera na sitaki kesi na mtu, ila kazi yao naisema yote, nzuri na mbaya.

Nilimpeleka mjomba, mzee wa miaka 68, katokea Morogoro. Ana tatizo la moyo kutanuka na alikuwa anatumia spironolaktoni mwaka wa tatu. Mwaka jana matiti yakaanza kujaa, yote mawili, ukigusa yanauma. Kila mtu akasema ni dawa, na kweli hiyo dawa inajulikana kwa hilo, inaizuia homoni ya kiume isifanye kazi basi titi linakua. Daktari wa moyo akambadilishia. La kulia likanywea, la kushoto nalo likanywea ila ikabaki kama gololi moja ngumu, pembeni kidogo ya chuchu, hata uminye haiumi, na chuchu ikaanza kuvutwa ndani. Mzee anasema "dawa haijaisha mwilini hiyo". Tukakaa miezi 5 tunaamini hivyo, hapo lawama ni zetu wenyewe.

Kule kwao wakamkata kinyama, wakakitia kwenye kichupa cha maji ya dripu, tukapanda nacho basi. Mi ningejuaje? Kufika maabara dada wa mapokezi hata shikamoo hakuna, anaandika kwenye kompyuta huku anachati, kaona neno titi akajaza jinsia KE. Nikamwambia dada mgonjwa ndo huyu aliyesimama mbele yako, akamtazama mzee akaangua kicheko. Mzee kwa upole tu, "binti yangu, na sisi tuna vifua". Nilitamani nichukue kichupa changu nisepe.

Kilichotubakiza pale ni daktari wa patholojia, yule anayesoma kinyama kwa darubini. Fomu sehemu ya maelezo ilikuwa tupu, mama wa watu akanipigia mwenyewe jioni, anauliza dawa zote anazotumia mzee, ilianza lini, iliachwa lini, titi gani lilinywea na lipi halikunywea, kwenye ukoo nani aliwahi kuugua titi. Kanieleza kwenye kila saratani 100 za matiti, za wanaume ni kama 1 hivi, ndo maana watu hawaiwazi, hasa kukiwa na dawa ya kusingizia. Halafu akanichana ukweli: kinyama kimeanza kuharibika, maji ya dripu hayahifadhi, kinatakiwa kiingie formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ndani ya saa moja, saratani naiona lakini vipimo vya homoni nikifanya juu ya hiki naweza kuwapa majibu ya uongo. Akatwe tena. Wangapi wangekula hela na kukaa kimya?

Ila hela tulilipa mara mbili na hawakupunguza hata mia, hilo nalisema.

Majibu waliahidi siku 7 zikawa 16, kila nikipiga simu "bado yapo kwa daktari", kumbe siku nyingine hata hawajamuuliza. Lakini ripoti yenyewe aisee, kurasa mbili zimenyooka. Saratani ipo, na pembeni yake nyama ya titi iliyojaa kwa namna inayoendana na ile dawa, yaani mzee alikuwa na vyote viwili kwenye titi moja, kimoja kimemficha mwenzake. Vipokezi vya estrojeni, ile homoni ya kike, vipo, na HER2, protini inayoweza kuchochea saratani ikizidi, ni hasi, na daktari akasema wanaume wengi huwa hivyo. Titi limeshatolewa na hospitali ya saratani ya Ocean Road wamemwanzishia tamoksifeni, dawa ya kuizuia hiyo estrojeni ambayo wengi wanaijua ni ya wanawake, mzee analalamika tu kwamba duka la dawa walimuuliza anamchukulia nani.

Ukienda beba orodha ya dawa zote, hata za kienyeji, na kichupa hakikisha ni formalini. Halafu usitoke dirishani kabla hujasoma risiti, sisi tulirekebisha jinsia mara mbili na ripoti ya mwisho bado imeandikwa Bi.