TAHADHARI: Muuzaji wa vifaa vya kusaidia kusikia anayepotea akishapokea pesa

Ndugu zangu, kama una mzazi au jamaa aliyeanza kuomba arudiwe kila neno, soma hapa kabla hujalipia tangazo lolote la mtandaoni. Kuna muuzaji anayetangaza kwa nguvu vifaa vya kusaidia kusikia: vidogo, vya kuchaji, "huhitaji daktari", bei nusu leo tu. Shangazi yangu alinunua, nami ndiye niliyeshughulika na muuzaji baada ya hapo.

Kifaa kilifika kikipiga mluzi kila shangazi alipotafuna au kushika shavu. Mluzi wenyewe si ajabu. Sauti inavuja kutoka sikioni na kurudi kwenye maikrofoni, na mara nyingi dawa yake ni kubadilisha kile kimpira cha sikioni, uweke saizi inayoziba vizuri. Muuzaji mwenye nia njema angetueleza hayo kwa maneno mawili. Hawa walileta saizi moja tu, na nilipoomba nyingine nikajibiwa: "Asante kwa subira yako, mteja mpendwa, ombi lako linashughulikiwa." Nikauliza tena, likaja jibu lilelile, herufi kwa herufi. Namba ya simu hawana.

Nilipotamka neno "kurudisha", ghafla wakawa wepesi. Baki na kifaa, tutakurudishia sehemu ndogo ya pesa. Nikakataa, wakaongeza kidogo. Nikakataa tena, ndipo masharti yakatolewa: tuma kwa gharama yako hadi nchi nyingine, kifaa kiwe kwenye boksi ambalo halijafunguliwa (sasa mtu atakijaribuje bila kulifungua?), na siku za kurudisha zilianza kuhesabiwa tangu siku ya kulipa, si siku mzigo ulipofika. Wakati huo siku zilikuwa zimekwisha.

Msiuone huu kuwa uzembe wa wahudumu. Ni mpango. Benki na kampuni za kadi humruhusu mteja kupinga malipo, ila kwa muda maalumu, na kila "subiri kidogo" inakula muda huo.

Kilichomshawishi shangazi ni cheti. Kwenye ukurasa wao kuna picha ya cheti chenye nembo na muhuri, kikisema kifaa "kimesajiliwa na FDA", yaani Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani. Lieleweni hili vizuri: FDA haitoi vyeti vya usajili kwa watengenezaji wa vifaa tiba. Na kiwanda kujisajili huko hakumaanishi kwamba kifaa chake kimekaguliwa na kuidhinishwa. Anayekuonyesha cheti cha namna hiyo anakudanganya, hata kama bidhaa nyingine zake ni nzuri.

Vifaa halali vya kununua bila cheti cha daktari vipo. Marekani iliviruhusu rasmi kuanzia Oktoba 2022, kwa watu wa miaka 18 na zaidi ambao usikivu wao umepungua kidogo au kwa kiasi cha wastani. Kanuni hizo zinataka boksi lenyewe liseme kwa nje masharti ya kurudisha bidhaa na dalili zinazotakiwa kumpeleka mtu kwa daktari kwanza: maumivu, usaha au damu sikioni, kizunguzungu, usikivu uliopungua ghafla, au sikio moja kuwa zito kuliko jingine. Boksi la shangazi halikuwa na hata neno moja la hayo. Baadaye mtaalamu wa masikio alipompima, alikuta sikio la kushoto limezidiwa sana na la kulia. Hakustahili kabisa kuuziwa kitu hiki bila kuonwa na daktari, na hakuna aliyemuuliza swali lolote.

Mtaalamu huyohuyo alikikagua kifaa akasema ni kipaza sauti tu, kinachokuza kila kitu kwa pamoja. Mtu mzima kwa kawaida hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile za s, f na t, ndiyo maana husema "nakusikia ila sikuelewi". Ukimkuzia kila kitu, anachopata ni kelele za sahani na feni.

Kwa hiyo unapolinganisha bei, linganisha na huduma inayoambatana nayo. Ubongo huhitaji wiki kadhaa kuzoea sauti mpya, hivyo siku chache za majaribio ni sawa na hakuna. Kichujio cha nta (kile kinachozuia uchafu wa sikio usiingie kwenye kifaa) kikiziba, kifaa hufifia kama kimekufa kumbe kinahitaji kipuri kidogo tu. Uliza kama kipuri hicho kinapatikana. Kabla ya kulipa wapigie simu, uliza swali la kweli kuhusu vimpira au kuchaji, uone kama binadamu anakujibu. Wasipopokea ukiwa bado na pesa zako, hawatapokea wakishazipata.

Duka hili hubadilisha jina, ila picha ni zilezile. Litafute kwa picha, si kwa jina. Na kama umeshalipa, acha kubishana nao kwenye ujumbe. Hifadhi mazungumzo yote, piga picha tangazo kabla halijafutwa, na uwasiliane na benki yako leo hii kupinga malipo.