Windows 11 kwenye kompyuta za mtumba Tanga: ipi ipandishwe, ipi iachwe

Kompyuta za mtumba zinazouzwa Ngamiani na kwingineko Tanga mjini nyingi zimetoka maofisini nje ya nchi: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Ni mashine ngumu, na nyingi bado ziko kwenye Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida Microsoft iliifunga tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 ni bure kwa mwenye Windows 10 halali. Lakini bure hiyo haiifai kila mashine. Yenye prosesa ya Intel (ubongo wa mashine) ya kizazi cha 8 kwenda juu, SSD (diski ya kasi isiyozunguka), na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, ipandishe bila wasiwasi. Ikipungukiwa kimojawapo, soma kwanza.

Anza na prosesa, kwa sababu hiyo haibadilishiki. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha CPU, usome namba inayofuata i5 au i7. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-7300U ni cha 7, zote zinakataliwa. i5-8350U ni cha 8, inapita. I5-10210U ni cha 10. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6, G4 cha 7, na G5 kwa kawaida cha 8. Usitegemee stika iliyo karibu na kibodi wala maneno ya muuzaji. Namba ya kwenye skrini ndiyo ya kushika.

RAM ya GB 4 inatajwa kuwa kiwango cha chini, ila kwa kazi za kila siku ni mateso: fungua Chrome na Word pamoja, mashine inaanza kuvuta miguu. Diski ya kuzunguka ni mbaya zaidi. Kwenye dirisha lilelile la Performance utaona Disk imesimama kwenye asilimia 100 dakika nyingi baada ya kuwasha. Pesa ya kumlipa fundi akupigie Windows, ongezea kidogo ununue SSD ya GB 256 kwanza.

Sasa, kikwazo kinachosumbua wengi zaidi hapa mjini ni mashine nzuri ya kizazi cha 8 inayoambiwa haifai. Mara nyingi kosa ni namna Windows 10 ilivyopigwa: flashi iliandaliwa kwa mtindo wa zamani, diski ikawa MBR (mgawanyo wa zamani wa diski), na bayosi (mipangilio ya msingi inayowasha mashine) ikaachwa kwenye Legacy, yaani hali ya zamani. Windows 11 inataka UEFI (hali mpya ya bayosi), Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Andika msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafutia, uangalie mstari wa BIOS Mode. Ukisoma Legacy, tatizo umelipata, na mara nyingi halihitaji kufuta chochote. Hifadhi mafaili yako nje kwanza, kisha fungua Command Prompt kwa Run as administrator na uandike:

mbr2gpt /validate /allowfullos

Ikikubali, rudia amri hiyo ukiweka /convert mahali pa /validate. Ikikataa, hesabu vipande vya diski: haitaki vizidi vitatu, na mafundi wengi hupenda kugawa C, D na E. Hamisha mafaili ya kipande kimoja, kifute, ujaribu tena. Ikishamaliza kubadili, zima mashine, ingia bayosi (HP ni F10, Dell F2, ThinkPad F1), weka UEFI na uwashe Secure Boot. Usipobadili bayosi baada ya hapo, Windows haitawaka na utadhani diski imekufa. TPM ihakiki kwa kuandika tpm.msc, Specification Version inatakiwa iwe 2.0.

Kuhusu bando: faili la ISO, lenye Windows 11 nzima ndani yake, linazidi GB 5. Ofisi au steshenari yenye kompyuta tano isipakue mara tano. Pakua mara moja kwenye tovuti ya Microsoft, weka kwenye flashi, zungusha. Flashi iwe imefomatiwa kwa exFAT au NTFS, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na hapo ndipo watu huambiwa faili ni kubwa mno wakati flashi ni tupu. Chagua lugha ileile iliyomo kwenye mashine: English United States na English International ni vitu viwili, na ukikosea, chaguo la kubaki na programu zako litafungwa. Bofya ISO mara mbili, endesha setup, gusa Change how Setup downloads updates, uchague Not right now ili isianze kula bando lingine. Chagua Keep personal files and apps.

Acha GB 25 au zaidi wazi kwenye C. Namba ya kosa 0x80070070 maana yake nafasi imeisha. Inayoanza na 0xC1900101 kwa kawaida ni draiva (programu inayoendesha kifaa): chomoa printa, modemu na kila cha USB, ondoa antivairasi ya nje, rudia. Safisha feni kabla, maana kwa joto letu la Februari mashine yenye vumbi hupunguza mwendo na kazi ya saa moja hugeuka ya saa tatu. Angalia LUKU ina yuniti za kutosha, betri ijae, chaja ibaki imechomekwa. Umeme ukikatika wakati inajiwasha upya yenyewe na betri imechoka, huenda ukalazimika kupiga Windows upya.

Jambo la uzito mkubwa kuliko yote: akaunti. Ukipiga Windows 11 upya, toleo la 24H2 au jipya zaidi, ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, diski mara nyingi hufungwa kwa BitLocker (kufuli ya Windows ya kulinda mafaili) bila kukuuliza, na ufunguo wa tarakimu 48 huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Fundi akiingiza barua pepe yake ili amalize haraka, ufunguo wa mafaili yako unakaa kwake. Siku bayosi ikibadilishwa na skrini ya buluu ikaomba ufunguo, utamtafuta na huenda ameshahama duka. Kaa naye, ingiza barua pepe yako mwenyewe, ufunguo uuandike kwenye karatasi.

Wenye kizazi cha 6 na 7 wasikimbilie kupenyeza kwa Rufus, programu ya kuandaa flashi inayoruka masharti hayo. Inakubali, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, na kila toleo jipya utalipandisha kwa mkono. Njia yenye utulivu ni kubaki Windows 10 toleo la 22H2 na kujiandikisha ESU (masasisho ya usalama ya muda wa nyongeza) ndani ya Windows Update, inayoleta viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Inapotolewa bure, njia mojawapo ni kusawazisha mipangilio na akaunti ya Microsoft.

Ukishapanda, usikimbilie kusafisha diski. Folda ya Windows.old ndiyo njia yako ya kurudi, na inadumu siku 10 tu. Unaweza kuirefusha kabla haijaisha kwa amri hii:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30

Ndani ya siku hizo chapisha kwenye kila printa, fungua programu ya hesabu ya duka, jaribu skana. Kimoja kikigoma na draiva mpya haipo, ingia Settings, System, Recovery, ubonyeze Go back.