Microsoft Defender na virusi vya flashi: kirusi kinafutwa, mafaili yanabaki mafichoni

Flashi imetoka steshenari kuprintiwa barua. Ukiichomeka nyumbani, folda la PICHA lina kimshale pembeni, na ukubwa wake unasoma KB 2 tu. Ukilibofya mara mbili, picha zinafunguka kama kawaida, kwa hiyo wengi huona hakuna neno. Libofye kulia, ingia Properties, usome mstari wa Target. Mahali ambapo ungetarajia jina la folda utakuta kitu cha namna hii:

cmd.exe /c start xyz.vbs & start explorer PICHA & exit

Ni amri mbili kwa mpigo. Ya kwanza inakiamsha kirusi, ya pili inakufungulia picha zako ili usishtuke. Kitaalamu huyu ni mnyoo. Kirusi halisi hujipachika ndani ya programu nyingine na kungoja iendeshwe. Mnyoo hujinakili wenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine. Mtaani vyote ni virusi, na hapa tutaviita hivyo hivyo. Kikishaamka, hujificha kwenye mafolda ya ndani ya Windows yaitwayo AppData au Temp, hujiandikisha ili kiamke kila Windows inapowaka, kisha husubiri flashi inayofuata. Ikichomekwa tu, hufanya mafolda yote yasionekane na kuweka mahali pake njia za mkato (shortcut) zenye majina yale yale.

Zamani hata kubofya hakukuhitajika. Conficker, kilichoonekana mwishoni mwa 2008, kilitumia faili la autorun.inf lililofanya Windows iendeshe programu ya kwenye flashi. Windows 7 ilikuja na mlango huo umefungwa, na mwaka 2011 Microsoft ikaufunga pia kwenye XP na Vista. Tangu hapo virusi vya flashi vinategemea zaidi kidole chako.

Sasa bidhaa yenyewe. Defender ni antivirusi ya Microsoft, ni bure na imo ndani ya Windows 10 na 11. Unaikuta kwenye Windows Security. Ile ya Windows 7 yenye jina hilo hilo isikudanganye, kwani ilishughulikia programu za kijasusi tu, na Windows 7 yenyewe iliacha kuhudumiwa Januari 2020. Kwa virusi vya aina tuliyoieleza, Defender iliyosasishwa hufanya kazi nzuri: script ya vbs (faili dogo la amri, kama xyz.vbs ya hapo juu) inakamatwa inapoguswa, na njia za mkato zinafutwa. Kwa matumizi ya nyumbani hatuoni sababu ya kulipia antivirusi nyingine kwa ajili ya flashi peke yake. Kasoro zake ziko kwenye mipangilio inayokuja nayo, na katika jambo moja ambalo haifanyi kabisa.

Tuanze na hilo, maana ndilo linalopoteza kazi za watu. Defender inaondoa kirusi lakini hairudishi mafaili yaliyofichwa. Mtu anafungua flashi, anaikuta tupu, anasema antivirusi imekula mafaili, anaiformati. Hapo ndipo kazi inapotea kweli, wakati dakika moja kabla ilikuwa imelala pale pale. Dalili ni rahisi: flashi inaonekana haina kitu, lakini nafasi iliyotumika ni GB 6 kati ya 8.

Dawa yake ni mstari mmoja. Fungua Command Prompt, hakikisha herufi ya flashi (tuseme ni E), uandike:

attrib -h -s -r /s /d E:\*.*

Herufi h inaondoa alama ya kuficha, s alama ya faili la mfumo, r alama ya kusomwa tu. /S inaingia mafolda ya ndani, na /d inagusa mafolda yenyewe. Kosa la kawaida ni kuandika -h peke yake. Amri itakataa, kwa sababu faili lenye alama ya mfumo haliguswi mpaka alama hiyo iondolewe pamoja. Flashi ikiwa na mafaili mengi, amri inaweza kukaa kimya dakika kadhaa, iache imalize. Baadaye unaweza kuona folda lisilo na jina kabisa. Usilifute! Baadhi ya virusi hivi hukusanya kila kitu ndani ya folda ambalo jina lake ni herufi ya nafasi tupu. Lipe jina, ulifungue, mali yako imo humo. Folda la System Volume Information ni la Windows, liache.

Huna kompyuta safi karibu? Chomeka flashi kwenye simu ya Android kwa kiunganishi cha OTG. Script ya Windows haiwezi kuendeshwa huko, na kwa kawaida mafaili yaliyofichwa kwa alama za Windows yanaonekana wazi. Nakili unachokihitaji.

Turudi kwenye mipangilio. La kwanza: ukibonyeza Full scan huku flashi imechomekwa, Defender kwa kawaida huiruka flashi hiyo. Ndivyo ilivyowekwa kutoka kiwandani, na ni uamuzi mbaya kwa mazingira ambamo flashi ndiyo inayobeba mizigo yote. Njia ya haraka ni kubofya kulia kwenye herufi ya flashi na kuchagua Scan with Microsoft Defender. Ukitaka iwe ya kudumu, fungua PowerShell kama msimamizi, uandike:

Set-MpPreference -DisableRemovableDriveScanning $false

La pili ni bando. Defender inapata sehemu kubwa ya nguvu zake kwenye wingu: ikikutana na faili la mashaka, huuliza seva za Microsoft. Maabara ya AV-Comparatives huchapisha matokeo ya kila antivirusi ikiwa na intaneti na ikiwa haina, na Defender ni miongoni mwa zinazoshuka waziwazi mtandao ukikatika. Isitoshe, ukiwa umeweka hotspoti ya simu kama muunganisho wa kupimwa (metered connection), masasisho ya kinga hayashuki yenyewe. Ingia Protection updates, ubonyeze Check for updates kwa mkono wako. Kompyuta ya steshenari isiyo na intaneti ina njia nyingine: pakua faili la masasisho hayo, mpam-fe.exe, kutoka tovuti ya Microsoft kwenye mashine nyingine, lihamishe, liendeshe. Linazidi MB 100, na la mwezi uliopita si kinga ya leo. Mashine ya namna hiyo inayopokea flashi za watu kutwa nzima ndiyo pekee tunayoiona ikihitaji zaidi ya Defender.

La tatu halizungumzwi sana. Faili linalopakuliwa mtandaoni hubandikwa alama ya asili yake, na alama hiyo ndiyo inayofanya Windows iulize kabla ya kuliendesha na Office izuie makro, yaani amri zilizowekwa ndani ya hati. Inakaa kwenye diski zenye mfumo wa mafaili wa NTFS. Flashi nyingi ni za mifumo ya FAT32 au exFAT, isiyobeba alama hiyo, kwa hiyo faili likipitia humo linafika kwako bila alama, na onyo halitokei.

Kuna pia hali ambayo flashi inasafishwa na sekunde chache baadaye njia za mkato zinarudi. Usiilaumu flashi, kirusi kiko kwenye kompyuta. Fungua Task Manager, utafute wscript.exe (programu ya Windows inayoendesha script za vbs) au jina linalofanana nalo, usimamishe. Kisha kwenye Scan options chagua skani ya nje ya mtandao, ile yenye neno Offline. Hifadhi kazi zako kwanza, kwani mashine inajizima na kuwaka upya, na skani inachukua kama dakika 15. Inafanyika kabla Windows haijapanda kikamilifu, hivyo kirusi hakipati nafasi ya kujitetea. Hiki ndicho kipengele tunachokipenda kuliko vyote, na hakuna anayekitumia.

Uzito wake upo. Kwenye laptopu yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, Antimalware Service Executable (ndiyo Defender yenyewe ikiwa kazini) itakukera wakati wa skani ya ratiba, na feni itapiga kelele. Kiwango cha kawaida cha kutumia prosesa katika skani hizo ni asilimia 50. Amri ya Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20 inakipunguza, ila skani itachukua muda mrefu zaidi. Kuizima Defender kabisa ili kusakinisha programu ya kufungua leseni ya Office ni jambo jingine. Maelekezo yanayoanza kwa “zima antivirusi kwanza” yanakuomba ufungue geti kabla mgeni hajajitambulisha. Ukiambiwa uongeze diski nzima ya C kwenye Exclusions, orodha ya vitu ambavyo Defender haivikagui, hapo umebaki na ikoni tu.

Kuipima ni rahisi na hakuna hatari. Shirika la EICAR lina faili la majaribio la herufi 68 ambalo si kirusi, ila kila antivirusi hulichukulia kama kirusi. Hatuyaandiki maandishi hayo hapa, tusije tukakuamshia kengele. Yanapatikana kwenye tovuti yao. Yahifadhi kwenye flashi kwa Notepad, na faili likimaliza dakika likiwa bado lipo, angalia kama swichi ya Real-time protection imewashwa.