Sabuni kwanza, losheni baadaye: uzoefu wangu na viti vya ngozi vya gari

Gari langu nililinunua likiwa limeshatumika miaka mingi, na viti vyake niliviona ni vya kahawia hafifu. Siku niliyopitisha kitambaa cheupe chenye sabuni ya ngozi kwenye ubavu wa kiti cha dereva, kitambaa kilitoka kama kilichofuta matope, na pale kilipopita pakabaki mstari wa rangi ya krimu, upana wa vidole vitatu. Nilikaa mlango ukiwa wazi nikiutazama mstari ule. Ndipo nikaamua kujaribu dawa za viti kwa mpangilio, nijue ipi inafanya kazi na ipi inapaka mng'ao tu.

Kwanza nilitaka kujua nina ngozi ya aina gani. Nilidondosha tone la maji mahali pasipoonekana, nyuma ya kiegemeo cha kichwa. Likatuama juu kama ushanga, wala halikuacha alama nilipolifuta. Maana yake ngozi imepakwa rangi, na juu ya rangi kuna utando mwembamba wa poliurethani, aina ya plastiki. Viti vingi vya magari ya siku hizi viko hivyo. Tone likizama na kuacha doa jeusi, hiyo ni ngozi ya anilini, isiyo na utando, na nisingethubutu kuigusa na chochote nilichokitaja hapa bila kujaribu kwanza kwenye kona iliyofichika. Tena usishangae ukigundua kwamba mbavu na migongo ya viti vyako si ngozi kabisa bali ngozi bandia. Kampuni nyingi za magari huweka ngozi halisi pale unapokalia na kuegemea tu.

Utando huo ndio ulionibadilisha mawazo. Nilikuwa nimeamini kwamba kiti kikiwa kigumu kimekauka, basi kinataka mafuta. Lakini mafuta yatapenyaje kwenye utando wa plastiki? Kinachopenya ni kidogo sana. Ule ugumu na ule mng'ao wa kiti cha zamani kwa sehemu kubwa ni tabaka la jasho, mafuta ya mwili, losheni za mikono na vumbi vilivyoshikana. Ngozi ya gari ikiwa mpya huwa haing'ai, ina sura iliyopoa.

Basi nikagawa kiti cha nyuma sehemu nne kwa ule utepe wa karatasi unaotumiwa na mafundi rangi.

Sehemu ya kwanza niliipa dawa ya mbili kwa moja, inayodai kusafisha na kulainisha kwa mpigo. Ilinukia vizuri, ikang'aa, na baada ya dakika tano nilidhani kazi imekwisha. Kesho yake nikapitisha sabuni halisi ya ngozi palepale, kitambaa kikatoka cheusi. Ilikuwa funika kombe. Kwa kiti ambacho tayari ni kisafi na unakifuta mara kwa mara, dawa za namna hii zinafaa, lakini uchafu wa miaka haziuwezi.

Ya pili niliipaka mafuta mazito ya ngozi, bila kuosha. Hili sitalirudia. Yalikaa juu ya uchafu, yakanata kwa siku mbili, na vumbi likayafuata. Mafuta kama haya yana kazi yake kwenye buti, matandiko ya farasi na mikoba ya ngozi isiyo na utando. Kwenye kiti cha gari langu yalikuwa mzigo.

Sehemu ya tatu nilitumia Lexol, chapa ya dawa za ngozi, chupa mbili: ya kusafishia peke yake na ya kondishena, yaani losheni ya kulainisha, peke yake. Hapa nilianza kufurahi. Sabuni yake imesawazishwa pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, jambo ambalo si la kupuuza, kwa sababu ngozi halisi iliyotengenezwa ina asidi kidogo, ilhali sabuni ya kawaida ya kipande ina alkali, pH yake hufika 9 au 10. Nilipuliza kwenye brashi, si kwenye kiti, nikasugua kwa miduara midogo bila kukandamiza, povu likageuka kijivu, nikalifuta kabla halijakauka. Nilirudia mara tatu, na mara ya tatu kitambaa kilitoka karibu cheupe. Kondishena niliipaka kidogo tu, nikaiacha kama nusu saa, nikafuta iliyobaki. Kiti hakikung'aa wala hakikuteleza. Ukikipapasa, ni kikavu na laini.

Sehemu ya nne ilikuwa ya Colourlock, chapa nyingine ya dawa za ngozi, kutoka Ujerumani: sabuni yao ya kawaida, inayotoka ikiwa povu tayari, kisha losheni yao ya kulinda ngozi. Usafi ulilingana na wa Lexol, sikuona tofauti hata juani. Nilichopenda zaidi ni lile povu, kwa sababu halichuruziki. Viti vyangu vya mbele vina vitundu vidogovidogo, na maji yakiingia humo yanazama hadi kwenye sifongo ya ndani, yanakaa, yananuka. Kwa viti vya vitundu, povu kwenye brashi ndilo chaguo langu. Wana pia dawa ya kukinga ngozi nyeupe isinywe rangi ya jinzi. Niliipaka kiti cha dereva peke yake, na baada ya miezi sita ubluu unaokuja unafutika kwa kitambaa chenye unyevu.

Utepe ulipotoka, sehemu ya tatu na ya nne zilikuwa rangi ya krimu, na zile mbili za kwanza zilikuwa bado kahawia. Nikaziosha nazo, na zote zikafanana. Kwa hiyo ukiniuliza kati ya Lexol na Colourlock nitakwambia chukua unayoipata kwa urahisi. Brashi ina uzito kuliko jina lililo kwenye chupa. Uchafu umejificha kwenye mikunjo na vinyweleo vya ngozi, na kitambaa pekee hupita juu yake. Yangu ni ya manyoya ya farasi, laini kiasi cha kuweza kuipitisha shavuni bila kukwaruzwa.

Kuna vitu viwili naomba usivilete karibu na viti vyako. Kimoja ni ile sifongo nyeupe ya kufutia madoa ukutani. Inafanya kazi kama msasa mwembamba sana: inaondoa doa pamoja na utando, kisha rangi. Kingine ni mafuta ya kupikia, pamoja na ya zeituni, ambayo watu husifia sana. Yanachacha na kunuka.

Sasa ratiba yangu ni nyepesi. Kitambaa chenye unyevu kila wiki, sabuni na brashi kila baada ya miezi mitatu, kiti cha dereva mapema zaidi kwa sababu ndicho kinachobeba jasho lote. Kondishena naipaka baada ya kuosha, tabaka jembamba, zaidi kwa ajili ya kupunguza msuguano na ule mlio wa ngozi ikisuguana na ngozi.

Kilichobaki ni ufa mmoja kwenye ubavu wa kiti cha dereva, upande wa mlango, urefu wa kidole. Nimeupaka kila losheni niliyokuwa nayo, haukufunga hata kidogo. Utando umeshapasuka na rangi imeondoka, kwa hiyo unahitaji kujazwa na kupakwa rangi upya na fundi. Kwa sasa naufuta taratibu, na ninaposhuka nainua paja kwanza nisiliburuze juu yake.