Harmonika gani ununue kwanza? Mimi nasema A, na msinipigie kelele

Ijumaa moja mwaka jana tulikuwa tunapiga kwa baa fulani huko Thika Road, usiku wa kantri, si unajua vile Wakenya tunapenda kantri, na muimbaji wetu akaja na homa. Wimbo tulikuwa tumeufanyia mazoezi wiki mbili ukiwa kwa kii ya D, yaani noti ya D ndio nyumbani kwa wimbo, sasa yeye ananong'ona kando ya maiki ati tushushe, tupige C. Mpiga gita akaitikia na kichwa, wa besi hana shida, mimi ndio niko na nusu dakika ya kubadilisha harmonika. Kila harmonika ina kii yake moja, na kwa wimbo wa D nilikuwa nimeshika G, wa C unataka F, hesabu yake nitaieleza. Nikaingiza mkono kwa kile kisanduku changu cha harmonika saba, taa ya steji ni ya buluu, nikaona F, nikaitoa. Ilikuwa E.

Kama hupigi hiki kinanda cha mdomo wacha nikueleze ubaya wake. E iko nusu hatua tu chini ya F, yaani noti ya jirani kabisa. Ingekuwa mbali watu wangejua umekosea wakacheka yakaisha, lakini kwa sababu iko karibu kila noti inakwaruzana na gita kama geti lenye kutu, na wewe mwenyewe hujui ni nini. Nilipiga mistari miwili mizima nikilaumu monita, ile spika ya kujisikilizia. Kuna mama wa meza ya mbele aliziba sikio moja, lile lingine alikuwa ameshikia simu.

Hicho kisanduku nilikinunua tauni kwa bei iliyonifanya nijione mjanja, saba kwa bei ya kama moja na nusu za maana. Sauti haikuwa mbaya sana, nitasema ukweli. Shida ni herufi. Zimechongwa ndogo kama maandishi ya chupa ya dawa ya macho, kwa bati linalong'aa, na kati ya E na F kuna kamstari kamoja ka chini. C na G ni vilevile. Watu wanaandika miongozo mirefu kuhusu sauti na mbao na nini na nini, na hakuna anayekuambia kwamba steji ni giza! Kabla hujalipa, shika hiyo harmonika usawa wa kiuno, finya macho, jaribu kusoma herufi. Ukishindwa dukani mchana, saa tano usiku na buluu usoni itakuwaje.

Basi tuje kwa kii. Jina lake la vitabuni ni ufunguo wa wimbo, lakini sijawahi kusikia mpiga gita Nairobi akiuliza ufunguo, anauliza kii gani. Harmonika ya kawaida ya matundu 10 iko kwa kii moja, na wengi wetu hatupigi kii iliyoandikwa, tunapiga krosi, maana tundu la 2 ukilivuta linakuwa ndio nyumbani kwa wimbo, na zile za kuvuta za chini ndizo zinabendi vizuri, yaani unaishusha noti kwa mdomo na pumzi, la 3 peke yake unaweza kulishusha nusu hatua tatu. Hesabu ni rahisi, anza na herufi ya wimbo uhesabu nne: wimbo wa G, sema G, A, B, C, shika C. Wimbo wa A shika D, wa E shika A. Ni F tu inakudanganya, hapo ya nne ni B flati, yaani B iliyoshushwa nusu hatua.

Sasa, ya kwanza kununua. Kila mwalimu atakuambia C, na kwa kweli masomo karibu yote yamefundishwa kwa C, kwa hivyo kama unajifunzia chumbani kwako nunua C na usinisumbue. Lakini kama unapanda steji, mimi naweka A namba moja. Inakupa nyimbo za E, na wapiga gita wanaipenda E kwa sababu ile waya nene ya chini kabisa ni E, wanaipiga wazi bila kushika kitu. Halafu A haipigi mayowe. Iko chini kidogo ya C, vilimi vyake, vile vibati vya ndani vinavyotetema, vinaitika haraka bila kukumaliza pumzi, na sauti inakaa chini ya muimbaji badala ya kupigana naye. Mimi nikianza shoo na harmonika ya A mkononi, mabega yanashuka yenyewe. Nikianza na ile ya sauti ya juu natetemeka mpaka wimbo wa tatu.

C ni ya pili basi, kwa nyimbo za G, na sina mengi ya kusema juu yake.

Ya tatu nimesumbuka, nikaweka G. Kati ya zile za kawaida ndio ya chini kabisa, vilimi ni virefu, inakula hewa, na mtu akiishika mara ya kwanza lile tundu la 2 la kuvuta linakataa kulia kabisa mpaka anafikiri ameuziwa mbovu. Sio mbovu, ni wewe unavuta kwa nguvu. Vuta kama mtu anayeonja uji moto, polepole, koo wazi. Ukishaizoea utaipenda kwa sababu moja ambayo wapigaji hawasemi hadharani: inaficha makosa. Noti ya chini ikikosea inazama kwa gita na besi, hakuna anayegeuka. D ambayo ni ya nyimbo za A iko juu, nyepesi, inasikika hata kwa baa iliyojaa, lakini ukikosea nayo mpaka bauncha wa mlangoni anajua. Kwa hivyo D namba nne, ununue ukiwa na miezi kadhaa mdomoni.

B flati ni namba tano, ukipiga na watu wa kinanda na tarumbeta, au kanisani. Na hapo kanisani nina neno. Wapiga kinanda wetu wanabonyeza kile kitufe cha transpozi, anapiga vidole vya C maisha yake yote na mashine inageuza, ukimuuliza kii gani anakujibu C kwa imani kabisa, unashika F yako, na kumbe spika inatoa E flati! Usimuulize yeye. Sikiliza besi, au ongeza hesabu ya kile kitufe mwenyewe. Mpiga gita akifunga kepo, kile kibanio cha shingo ya gita kinachopandisha kii, ni mambo yaleyale, vidole vinasema G lakini kepo iko freti ya 2, huo wimbo ni A na wewe unataka D.

F nimeiweka mwisho na mnajua kwa nini. Lakini hata bila chuki yangu, F ya kawaida iko juu mno, kubendi kunataka ulimi usogee kidogo sana, ukisogeza kidogo zaidi imeruka. Kuna F ya chini, loo F, tafuta hiyo kama muimbaji wako ni wa C. E usinunue mpaka mtu akulipe.

Kampuni sasa. Mimi ni mtu wa Hohner Special 20 na siombi msamaha. Hohner ni Wajerumani wa Trossingen, wako kwa hii kazi tangu 1857, na Marine Band yao ya 1896 ndio wengi wanaiota, lakini ile ina mbao ndani na mbao ikilowa mate inaweza kuvimba ikakukwaruza midomo. Special 20 ndani ni plastiki, bati za vilimi zimezama ndani, midomo inateleza hata baada ya saa mbili. Herufi yake pia si kubwa, nimekubali, nitarudi hapo. Lee Oskar zinatengenezwa Japani na Tombo, na uzuri wake unaweza kununua bati za vilimi peke yake ukabadilisha, kwa mtu anayeua vilimi kama mimi hiyo ni akili. Seydel wana za vilimi vya chuma kisichoshika kutu, bei ni ya watu wengine. Za bei rahisi nunua moja ya kuweka kwa gari. Ile ndefu ya matundu 24 ni tremolo, kila noti ina vilimi viwili vinavyotetema pamoja, tamu kwa nyimbo za dini, lakini hii habari yote ya krosi na kubendi haikuhusu.

Shida ni kuzipata. Nimezunguka tauni Jumamosi nzima nikitafuta A, kila duka ni C, C, C. Kijana mmoja akaniambia, "Madam, zote ni sawa, inategemea vile unapuliza." Mwingine akaniletea boksi lililoandikwa G, nikafungua, ndani C. Nikamuonyesha, akasema G ni ya boksi. Kwa duka la tatu bei ilikuwa elfu tisa nikiwa mlangoni, nikataja Special 20 ikawa elfu kumi na mbili, yaani kujua unachotaka hapa kwetu ni kosa la kulipia. Na kujaribu hukubaliwi, sawa, ni mambo ya mate naelewa, lakini basi wacha nirudishe ikiwa tundu la 5 halilii! Wapi. Mimi siku hizi nangoja mtu anayesafiri.

Kuhusu herufi nilijitatulia na rangi ya kucha. Nyekundu ni A, nyeupe C, ile ya kijani mbaya niliyopewa krismasi ni G, tone nene pembeni kiasi cha kuguswa na kidole gumba bila kuangalia. F ina matone mawili. E nilimpa mtoto wa jirani, na sasa anaipuliza kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, ukuta kwa ukuta na kitanda changu.