Mtego wa panya wa sanduku, baada ya miezi minane msituni

Nina masanduku kumi kwenye kipande cha msitu wa asili ninachokilea. Panya hula mayai na makinda juu, akishuka anatafuna mbegu zilizodondoka. Ndiyo maana miti mikubwa nilikuwa nayo, miche sikuwa nayo.

Ni sanduku la mbao lenye mtego wa springi ndani. Kilichonivutia ni wavu wa mlangoni, wa tabaka mbili: matundu mawili yaliyopishana, la nje kushoto, la ndani kulia. Panya lazima apinde kona kabla ya kukanyaga kibati cha kufyatulia mtego, hivyo hufika amekaa sawa na chuma kinampata kichwani. Anakufa hapo hapo. Ndege anayechakura majani hawezi kupenyeza kichwa mpaka kwenye hatari. Sumu niliikataa kwa sababu panya aliyeila huchukua siku kadhaa kufa, na bundi akimwokota, sumu imempata naye.

Wiki mbili za kwanza sikunasa hata mmoja, nikajua nimeliwa hela. Kumbe panya huogopa kitu kigeni. Nikaweka chambo bila kutega kwa siku kumi, nikayasogeza masanduku yaegemee magogo, maana panya hupenda kupita ubavuni mwa kitu. Usiku wa kwanza wa kutega: sita.

Kasoro zipo. Kifuniko kimefungwa kwa skrubu, na mvua ikinyesha mbao zinavimba. Kukifungua ni bisibisi na matusi. Kibati ni chepesi mno, konokono wameshanifyatulia mara mbili. Siagi ya karanga ninayoweka kama chambo nayo huisha baada ya siku tatu, na walaji ni sisimizi. Mke wangu ameanza kuhesabu kopo.

Usinunue moja ukategemea miujiza, na usidhani utawamaliza. Kisiwa cha South Georgia, kusini mwa bahari ya Atlantiki, kilitangazwa 2018 kuwa hakina panya tena, lakini kule walimwaga chambo cha sumu kwa helikopta, na bahari inazuia wengine wasiingie. Mimi nikiacha kukagua mwezi mmoja tu, panya wa nje ya msitu wanahamia.

Nyota tatu na nusu. Zingekuwa nne kama kifuniko kingekuwa na bawaba. Hiyo nusu ni ya kiota cha kwenye panda ya chini: mara mbili nilikuta maganda yaliyotafunwa, msimu huu yametoka makinda mawili.